Dole gumba lako bado linapiga gitaa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nilipiga gitaa la kwaya Morogoro miaka tisa kabla sijahamia Greensboro, North Carolina, kikazi. Huku nimeipenda banjo ya nyuzi tano, ile ya kizamani ya milimani (Appalachia), si ile ya mbio. Nimenunua moja iliyotumika, na huu ni mwezi wa tatu najifunza mtindo wa klohama (clawhammer, wa kushusha ukucha) kwa video. Dole gumba linaukosa uzi wa tano, wimbo hausikiki, na mdundo unakwenda kama punda anayekimbia juu ya lami. Je, ninunue zile pete za chuma za vidoleni? Nifuate tablatura (maandishi ya namba za nyuzi) au masikio? Na ni kweli asili ya banjo ni Afrika, au wenzangu huku wananifurahisha tu?

Jibu: Marahaba. Punda wako ni mzima, ila ana mguu mmoja unaochelewa, nao ni hilo dole gumba. Ukilirekebisha hilo, nusu ya maswali yako mengine yatakufa yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia.

Miaka tisa ya gitaa imelifundisha gumba lako jambo moja: kulinda besi. Kwenye gitaa, uzi ulio karibu na gumba ndio mnene na wenye sauti nzito. Kwenye banjo ni kinyume. Uzi wa tano ni mfupi, unaanzia kwenye freti (kipau cha chuma cha shingoni) ya tano ubavuni mwa shingo, na ukiwa wazi una sauti ya juu kuliko nyuzi zote. Gumba lako linashuka likitafuta besi, linakuta kengele, linashtuka. Halafu vidole vingine vimezoea kunyofoa nyuzi kwenda juu, kumbe klohama inataka kucha ishuke. Ndiyo maana watu waliotoka kwenye gitaa hunisumbua kuwafundisha kuliko waliotoka kwenye ngoma. Mpiga ngoma nikimwambia mkono ushuke, unashuka.

Weka banjo chini kwanza. Kaa kwenye kiti, mkono wa kulia juu ya paja. Kunja vidole kama unavyoshika kile kikombe kidogo cha kahawa cha barazani, dole gumba likiwa limesimama nje. Umbo hilo ndilo lililoupa mtindo jina, kwa kuwa linafanana na nyundo ya seremala yenye kucha za kung'olea misumari. Sasa bisha hodi kwenye paja lako. Ukibisha hodi mlangoni vidole havichezi peke yake. Kifundo na mkono ndivyo vinavyokwenda, vidole vinabebwa tu. Hicho ndicho kitendo chote cha klohama. Ukiona kidole cha shahada kinajinyoosha na kujikunja chenyewe kama kinachobonyeza simu, umerudi kwenye gitaa.

Chukua banjo. Ukibisha hodi, mgongo wa ukucha wa shahada (au wa kidole cha kati, wazee wengine wametumia hicho maisha yao yote) unaangukia uzi wa kwanza. Na papo hapo, si sekunde ya baadaye, dole gumba linatua juu ya uzi wa tano na kutulia pale, kimya. Kosa lako, ninavyosoma maelezo yako, ni kwamba unapiga ukucha kwanza, kisha unalituma gumba likautafute uzi wa tano. Likifika, pigo limeshapita. Gumba lazima liwe limeshafika wakati ukucha unapiga. Mkono unapoinuka kujiandaa kwa pigo linalofuata, gumba linaachia uzi na uzi unalia. Sauti ya uzi wa tano inatokana na mkono unaoondoka, si na gumba linalohangaika.

Na gumba litue kila mkono unaposhuka, hata pale ambapo hutaki uzi wa tano ulie. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanalipeleka gumba uzini pale tu sauti inapohitajika, kwa hiyo kila mara linaanza safari upya. Likitua kila mara halitaukosa uzi, kwa sababu halijawahi kwenda mbali nao.

Mdundo wa msingi una sehemu tatu: moja ndefu na mbili fupi. Wamarekani wana silabi zao za kuutamka, lakini mimi niliuelewa siku nilipoupa Kiswahili: njoo, ule. Njoo, ule. Kwenye "njoo" ukucha unapiga uzi mmoja, ule wenye wimbo. Kwenye "u" ukucha unashuka tena na kupangusa nyuzi mbili tatu za chini. Kwenye "le" mkono unainuka na uzi wa tano unalia. Tamka kwa sauti kama unavyomwita mtoto mezani utaona kwamba mkazo unaangukia "u", na ndipo banjo ya milimani inapouweka mkazo wake pia, kwenye pigo la pili. Punda wako anakimbia kwa sababu "le" inachelewa na kuibana "njoo" inayofuata.

Kwa wiki mbili usipige wimbo wowote. Najua inauma. Laza kiganja cha kushoto juu ya nyuzi ili zisilie, ubaki na mgongano mkavu tu, kama ngoma ndogo. Weka metronomu, kile kipima mdundo, kwenye simu, mapigo 60 kwa dakika: "njoo" kwenye pigo moja, "u" kwenye linalofuata, "le" katikati ya pigo hilo na lijalo. Dakika kumi na tano asubuhi, kumi na tano jioni. Jirekodi. Siku ya nne utajisikiliza na kuona aibu, siku ya tisa utasikia kitu kimekaa sawa, na siku ya kumi kitapotea tena. Kitarudi. Mimi nilifanya zoezi hili jikoni kwenye nyumba ya kupanga huko Virginia, na mwenye nyumba aliniuliza kwa upole kama nina panya.

Kisha ndipo wimbo. Kwa kuwa umeimba kwaya, sol-fa unaijua, basi tuitumie. Linganisha nyuzi kwa G ya wazi: uzi wa tano G ya juu, wa nne D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza D. Hapo "do" ni uzi wa tatu ukiwa wazi, "re" ni uzi huohuo freti ya pili, "mi" ni uzi wa pili wazi, "fa" ni uzi wa pili freti ya kwanza, "so" ni uzi wa kwanza wazi. Sasa piga: mi, mi, fa, fa, mi, mi, re, re, mi, mi, fa, fa, mi, re, do, do. Kila noti ni "njoo" moja, na kila "njoo" inafuatwa na "ule" yake bila kukosa. Hiyo ndiyo mifupa ya Boil Them Cabbage Down, wimbo ambao karibu kila mwanafunzi wa banjo milimani ameupitia. Utasikia wimbo unaibuka wenyewe kutoka ndani ya mdundo. Ulikuwa hausikiki kwa sababu ulikuwa unautafuta kwa vidole vya kulia, ukisimamisha ngoma kila noti ilipokuja.

Noti za kupamba zinatoka mkono wa kushoto. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuugonga uzi uliokwisha kupigwa kwa ncha ya kidole ili utoe noti ya juu yake. Ya pili ni kuuvuta kidogo unapoondoa kidole ili utoe noti ya chini. Ya tatu ni kuteleza kutoka freti moja hadi nyingine. Muda wake umo ndani ya neno letu lilelile. "Njoo" ina o mbili: ukucha unapiga kwenye "njo", kidole cha kushoto kinagonga kwenye "o". Njo-o-u-le, noti nne zinazolingana urefu, na mkono wa kulia haujabadilisha chochote. Watu wakisikia banjo ya kizamani hudhani mkono wa kulia una kazi nyingi. Sehemu kubwa ya zile noti za haraka inatoka kushoto, na wapigaji wazuri huuvuta hata uzi ambao ukucha haukuugusa kabisa.

Utaona kwenye video watu wakiliteremsha gumba hadi uzi wa pili au wa tatu kupiga noti za katikati. Kizuri sana, ila bado si chako. Gumba ambalo halijajua nyumbani kwake lisitumwe kwa majirani. Anza kwa kuupiga uzi wa tano kila mkono unapoinuka, sio kwenye "le" peke yake, na likikaa hilo kwa mwezi mzima bila kuyumba, teremka uzi wa pili. Niliruka hatua hiyo kwa kiburi cha mwaka wangu wa kwanza, na mwaka wa tatu nikalazimika kuanza upya.

Pete za chuma usinunue. Zile ni za mtindo wa vidole vitatu, blugrasi, ambao ulishika kasi mpiga banjo Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwishoni mwa mwaka 1945. Hizo ndizo mbio ulizosema huzitaki, na pete zake zimeundwa kunyofoa nyuzi, wakati sisi tunashusha ukucha. Unachohitaji ni ukucha mmoja unaopita ncha ya kidole milimita mbili au tatu, uliopigwa tupa vizuri. Kama kucha zako zinakatika ovyo, wengine hukata kipande cha mpira wa ping-pong na kukibandika. Mimi huenda saluni. Nakaa kwenye foleni na mabibi harusi, nawekewa ukucha mmoja wa bandia, nalipa, naondoka. Maswali ya siku ya kwanza yanachosha, baadaye wanakuzoea.

Tablatura ina faida yake: namba inakuonyesha uzi na freti, na kwa mtu aliye peke yake inafungua mlango. Lakini haiandiki kile unachokikosa. Haikuambii mkazo uko wapi, wala gumba limetua lini. Itumie kupata mifupa ya wimbo, kisha ifunge. Wazee wa milimani walijifunza magoti kwa magoti, mtoto akimtazama mjomba mkono. Wewe una programu za simu zinazopunguza kasi ya rekodi hadi asilimia 70 bila kuifanya sauti iwe nzito. Sikiliza wimbo mmoja mpaka uweze kuuimba ukiosha vyombo, ndipo ushike banjo. Usichoweza kukiimba hutakipiga.

Kuhusu kulinganisha nyuzi, jiandae, kwa sababu banjo ya kizamani haikai na mlinganisho mmoja kama gitaa. G ya wazi niliyokutajia ni ya nyimbo za G. Ukiushusha uzi wa nne hadi C na kuupandisha wa pili hadi C unapata gCGCD (ukihesabu kuanzia uzi wa tano), ya nyimbo za C. Weka kapo, kile kibanio cha shingoni, freti ya pili na uupandishe uzi wa tano hadi A, unapata D, ambayo wapiga fidla wanaipenda mno. Ukitoka G ya wazi na kuupandisha uzi wa pili peke yake hadi C, unapata gDGCD, yenye huzuni fulani isiyo meja wala maina. Ukiisikia usiku peke yako utaelewa kwa nini ninaishi nayo. Kapo haiufikii uzi wa tano. Mafundi hupigilia vimisumari vidogo vya reli za kuchezea watoto kwenye freti ya saba na ya tisa, ukaupenyeza uzi chini yake. Mpe fundi afanye, usijaribu kwa nyundo ya nyumbani.

Kwa kuwa banjo yako ni ya mkono wa pili, kagua kidaraja, kile kipande cha mti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi. Hakijagundishwa, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo huhama. Umbali kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya kumi na mbili uwe sawa na umbali kutoka freti hiyo hadi kwenye kidaraja. Kikihama, kila noti ya juu itakuwa ya uongo na utajilaumu bure. Kama inalia mno kama sufuria, sokota kitambaa ukipachike nyuma kati ya ngozi na ule mti unaopita ndani. Na upige karibu na shingo inapokutana na ngozi, si karibu na kidaraja, sauti inalainika. Siku ukienda nayo pwani, bakia na ngozi ya plastiki. Ya mnyama hulegea kwa unyevu, na Mombasa ingekulegezea kila alasiri.

Sasa Afrika. Hawakufurahishi tu. Mwishoni mwa karne ya 17 Hans Sloane, daktari mzaliwa wa Ireland aliyekwenda Jamaika, aliona watumwa wakipiga vyombo vya kibuyu vyenye shingo na nyuzi, na kitabu chake cha mwaka 1707 kina mchoro wake. Kuna picha ya rangi kutoka South Carolina, ya mwishoni mwa karne ya 18, inayoonyesha mtu mweusi na banjo ya kibuyu, na uzi mfupi wa gumba unaonekana wazi. Kwa miaka mingi watu walimsifu Joel Sweeney, Mzungu wa Virginia aliyevuma miaka ya 1830, kwamba ndiye aliyebuni uzi huo. Ile picha ilichorwa kabla hajazaliwa.

Lakini mimi kilichonishawishi kuliko picha zote ni mkono. Wajola wa Senegal, Gambia na Guinea-Bissau wana chombo kinaitwa akonting: kibuyu, ngozi, shingo ya fimbo, nyuzi tatu, mmoja ukiwa mfupi upande wa gumba. Mgambia Daniel Jatta amefanya kazi kubwa ya kukitambulisha kwa watafiti wa banjo. Mpigaji wa akonting anashusha ukucha wa kidole kimoja, gumba linatua kwenye uzi mfupi, mkono unainuka na uzi unalia. Na kitabu cha Briggs, kilichochapishwa Marekani mwaka 1855 kufundisha banjo, kinaeleza pigo la namna hiyohiyo: ukucha unashuka, gumba linafuata. Unachohangaika nacho sebuleni kwako Greensboro ni kitendo ambacho mtu alikibeba mkononi kwenye meli, kwa sababu hakuruhusiwa kubeba kingine. Hata hivyo sisi watu wa Mrima tusijitwalie sifa. Njia hii ni ya Afrika Magharibi. Tuwaachie wenyewe, tushukuru tumeruhusiwa kukaa kwenye jamvi.

Na hapo ulipo una bahati ambayo huenda hujaiona. Mebane, mji ambao Joe Thompson aliishi, hauko mbali na kwako hata saa moja kwa gari. Alikuwa mpiga fidla mweusi, akipiga pamoja na binamu yake Odell kwenye banjo, muziki wa dansi waliourithi kwa wazazi wao. Mwaka 2005 wapenzi wa banjo weusi walikutana Boone, katika jimbo lako hilohilo, na vijana waliokutana kule wakaanza kwenda kwa mzee Joe kujifunza. Ndio waliounda Carolina Chocolate Drops, akiwemo Rhiannon Giddens. Ukielekea upande wa pili, kaskazini-magharibi, utafika Mount Airy, kata ya Surry, alikoishi Tommy Jarrell hadi alipofariki mwaka 1985. Yeye, Fred Cockerham na Kyle Creed ndio majina makubwa ya mtindo wa Round Peak, na banjo zao nyingi hazikuwa na freti kabisa. Tafuta rekodi za hao wote. Msikilize Joe na Odell kwanza, uone jinsi banjo inavyokaa chini ya fidla na kuisukuma bila kuipita.

Mdundo ukishakaa, usingoje uwe fundi. Nenda kwenye mkusanyiko. Si kama jukwaa la kwaya wala la blugrasi. Hakuna anayepewa zamu ya kujionyesha. Wote wanapiga wimbo uleule pamoja, sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili, halafu tena, dakika saba, kumi, mpaka wimbo uwalevye. Wanakaa kwenye ufunguo mmoja kwa saa nzima kwa sababu ya huruma kwetu sisi tunaolazimika kulinganisha upya. Kaa jirani na mpiga fidla, raundi ya kwanza usikilize tu, ya pili piga "njoo ule" kwa uzi wa kwanza na wa tano bila wimbo, polepole, chini chini. Hakuna atakayekufukuza kwa kupiga kidogo. Watu hununa kwa anayepiga kwa nguvu bila kusikiliza.

Na umtazame mpiga fidla miguuni. Akiinua mguu, hiyo ni raundi ya mwisho, na wote wanakoma pamoja. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimefumba macho.

Karibu uniandikie baada ya zile wiki mbili za kupiga nyuzi zilizozibwa. Niambie kama jirani amekuuliza habari za panya.